Yah: Mchicha Kukaimu Nafasi ya Bangi

Nchi ya Tangamoyo haionekani kwenye ramani yoyote, na wenyeji wake wanaamini kwamba wenye makosa ni wachora ramani. Ina bendera, ina wimbo, ina wizara ishirini na tisa, na ina utaratibu. Huo utaratibu ndio wanaouonea fahari kuliko vyote. Mtangamoyo akiumwa na nyoka, kitu cha kwanza anachouliza ni dirisha la kuandikisha nyoka liko wapi, na akifika dirishani huambiwa arudi na nakala mbili.

Basi Rais wa nchi hiyo alipokuwa ziarani ughaibuni aliulizwa na mwandishi wa habari kama Tangamoyo nayo, kama majirani zake, itaruhusu bangi itumike hospitalini kwa wagonjwa wenye maumivu makali. Rais akajibu kwamba wataalamu wake wanalifanyia kazi jambo hilo. Aliporudi nyumbani ikabidi watafutwe wataalamu. Ikaundwa Kamati ya Maoni ya Kitaalamu Kuhusu Jani, yenye wajumbe watatu na katibu mmoja, na ikapewa chumba chenye feni.

Katibu alikuwa Bi Tumsifu Lukwaro. Alikuwa ameandika kumbukumbu za vikao vya Wizara ya Afya kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza yeye anaonaje. Mumewe, Mwalimu Zefania, aliyefundisha hesabu darasa la saba mpaka alipostaafu, alikuwa amelazwa hospitali ya wilaya na saratani ya tumbo iliyokwisha kummaliza mwili. Hakuna aliyemdanganya kuwa atapona. Alichokitaka Bi Tumsifu ni kitu kidogo tu: mumewe ameze vijiko vitano vya uji bila kuvitapika, na alale bila kuuma shuka. Daktari wa wodi ile, baada ya kuhakikisha mlango umefungwa, alimnong'oneza kwamba kwa wenzetu wagonjwa wa namna hii hupewa lile jani, na baadhi yao hula. Ndiyo maana siku ya kikao cha kwanza Bi Tumsifu alichonga penseli zake tatu akiwa na matumaini. Tumsamehe.

*

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Profesa Daktari Sixbert Makanyaga, Mganga Mkuu wa Serikali, ambaye mara ya mwisho kumgusa mgonjwa ilikuwa kwa bahati mbaya, kwenye lifti. Alifungua kikao kwa sala, kisha kwa utambulisho, uliochukua dakika arobaini ingawa wajumbe wote watatu ofisi zao zilikuwa kwenye korido moja.

"Ndugu wajumbe," alisema, "suala lililo mbele yetu ni zito, ni nyeti, na ni mtambuka. Tusipokuwa waangalifu linaweza kueleweka."

Wajumbe wakapiga meza kwa kumuunga mkono.

Wa kwanza kutoa maoni alikuwa Daktari Mwanahawa Shoto, Mkurugenzi wa Kinga, mama mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kupigia picha. "Hofu yangu mimi ni uraibu," alisema. "Mchukulieni mgonjwa ambaye amebakiza miezi miwili duniani. Leo umemzoesha bangi. Haya, baada ya miaka kumi huyo atakuwa mtu wa namna gani?"

Wote wakamfikiria kwa huzuni mtu huyo na maisha yake yaliyoharibika.

"Na bangi ni mlango," akaongeza Daktari Hamduni Kitoi, Kaimu Mkurugenzi wa Tiba. "Anaanza na bangi, kesho anataka kikali zaidi, mwisho wa siku utamkuta kwenye mofini."

Bi Tumsifu aliinua kichwa. "Samahani, Mheshimiwa Mwenyekiti. Mofini ndiyo waliyokuwa wakipewa wodini. Imekwisha tangu mwezi wa pili."

"Mnaona?" alisema Daktari Kitoi, uso ukimng'aa. "Mwisho tumeshaudhibiti. Sasa kwa nini tukafungue mwanzo?"

Profesa Makanyaga alikohoa, ishara kwamba sasa hekima inakuja. "Mimi sipingi. Wala siungi mkono. Msimamo wangu ni wa kisayansi, kwamba ushahidi hakuna. Ushahidi hakuna kwa sababu utafiti tumeukataza. Na utafiti tumeukataza kwa nini? Kwa sababu hakuna ushahidi kwamba unafaa kufanywa."

Maneno hayo yalimpendeza mwenyewe kiasi kwamba aliagiza yaandikwe mara mbili. Bi Tumsifu akayaandika mara mbili. Penseli ya kwanza ilivunjika hapo.

*

Ingeweza kuishia hapo, na kamati ingeenda nyumbani na heshima zake. Tatizo lilikuwa kiambatisho. Ripoti ya Tangamoyo isiyo na kiambatisho haiwezi kufungwa kwa utepe, na ripoti isiyofungwa kwa utepe Ikulu haipokei. Kiambatisho lazima kiwe cha utafiti. Utafiti lazima uwe wa bangi. Na mtu akikutwa na bangi Tangamoyo, hata akiwa Mganga Mkuu, ni miaka thelathini jela. Wajumbe walikaa siku mbili wakilitafakari jambo hilo pamoja na sambusa.

Siku ya tatu Daktari Kitoi akapata wazo. Yeye alikuwa amekaimu Ukurugenzi wa Tiba kwa miaka kumi na tisa, kwa hiyo lilimjia lenyewe.

"Kwani ni lazima awe bangi mwenyewe?" aliuliza.

Hapa msomaji wa nchi nyingine anahitaji maelezo kidogo. Tangamoyo karibu kila mwenye ofisi anakaimu. Wenye nafasi zao wako masomoni, au likizo, au walifariki na barua zao bado hazijajibiwa. Ili nchi isisimame, kuna Kanuni ya Ukaimu, isemayo kwamba kaimu hubeba mamlaka yote, stahili zote na lawama zote za nafasi anayoikaimu. Kwamba lolote atakalolifanya linahesabiwa limefanywa na mwenye nafasi. Na kwamba mwenye nafasi kwa muda huo anahesabiwa yuko likizo. Kanuni haikusema kaimu lazima awe binadamu. Aliyeiandika hakuwaza kwamba ingefika siku hiyo, lakini yeye hakuwafahamu wajumbe hawa.

Likaanza zoezi la kutafuta jani linalofaa kukaimu. Kisamvu kilikataliwa kwa kuwa kinahitaji kutwangwa, na Wizara haina kinu. Matembele yalikataliwa kwa kutambaa, tabia isiyo ya kiuongozi. Ukabaki mchicha, ambao husimama wima na haujawahi kuwa na kashfa. Fungu moja liliwekwa kwenye kiti, likasomewa barua:

"Yah: Mchicha Kukaimu Nafasi ya Bangi. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Unateuliwa kukaimu nafasi tajwa kuanzia tarehe ya barua hii hadi hapo utakapoelekezwa vinginevyo. Nakutakia kazi njema. Nakala: Jeshi la Polisi."

Picha zikapigwa. Daktari Shoto alibadilisha miwani.

"Mheshimiwa," alisema Bi Tumsifu, ambaye mkono wake ulikuwa umesita juu ya karatasi, "lakini huo si mchicha tu?"

Profesa Makanyaga alimtazama kwa upole wote alionao mtu asiyeumwa. "Mama," alisema, "ulikuwa mchicha. Sasa una barua."

*

Utafiti ulifanyika kwenye wodi ya Mwalimu Zefania, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na maegesho. Wagonjwa arobaini na wawili walipewa bakuli la mchicha kutwa mara tatu, na afisa aliyevaa koti jeupe jipya, alama ya bei bado inaning'inia kwapani, aliwauliza kama maumivu yamepungua.

Mwalimu Zefania aliliangalia bakuli lake. "Mama," alimwambia mkewe, "wamenipa nini hiki?"

"Mchicha, Mwalimu."

"Wa nini?"

"Wa utafiti wa bangi."

Mwalimu alifumba macho. Alikuwa ametumia maisha yake kuwaeleza watoto kwamba mbili na tatu haziwezi kuwa tisa hata waziri akitaka. "Hebu rudia polepole," alisema. "Labda maumivu yamenipanda masikioni."

Mkewe alirudia polepole. Hakuna kilichobadilika. Mwalimu alijaribu kijiko kimoja kwa ajili ya kumfurahisha mkewe, na kijiko hicho kilirudi pamoja na maji ya asubuhi na damu kidogo. Bi Tumsifu alimfuta mdomo, akamshika kichwa mpaka alipotulia, halafu akapanda basi kurudi Wizarani kuandika matokeo.

Matokeo yalikuwa haya. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepata nafuu ya maumivu. Wagonjwa thelathini na mmoja damu yao iliongezeka. Tisa waliomba ugali wa kusindikizia, jambo lililoingizwa chini ya kichwa Dalili za Uraibu. Sita walifariki katika wiki hizo mbili, na hao waliandikwa kuwa wamejitoa kwenye utafiti bila kutoa taarifa. Kamati ikahitimisha, kwa ushahidi usiotia shaka, kwamba bangi haitulizi maumivu, bangi huongeza damu, na bangi ikikosa chumvi haina ladha.

Bi Tumsifu aliandika yote kwa mwandiko wake mzuri, na aliwachukia. Aliwachukia wote watatu, suti zao na sambusa zao, na namna walivyosema "wagonjwa wetu" kama mtu anayetaja mbuzi wake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na nane na hajawahi kumchukia mtu kiasi hicho.

*

Wakati huohuo ile nakala ya Polisi nayo ilikuwa inafanya kazi. Jeshi la Polisi la Tangamoyo husoma barua zake kwa makini, hasa ikiwa hazina maana. Kama kaimu anabeba lawama zote za nafasi, basi mwenye mchicha ni miaka thelathini. Wakaingia bustanini. Wakaingia sokoni, wakamkamata mama mmoja na mafungu manane, wakamwuliza kama alijua kuwa anauza kaimu. Ndani ya wiki moja stoo ya vielelezo kituo cha kati ilijaa mchicha mpaka mlango ukawa haufungi.

Bi Tumsifu alikuwa akipita hapo kila siku akienda hospitali. Mchana mmoja akaona magunia yamepangwa nje, ukutani, juani. Sajini aliyekuwa zamu alikuwa amekaa juu ya mojawapo akila ndizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Magunia haya ni ya nini?"

"Bangi hiyo. Tumeitoa nje, stoo imejaa mchicha."

"Mnaiacha nje hivihivi? Na mtu akichukua?"

"Achukue tu, mama. Tuliandika kuomba mwongozo, Wizara wakajibu mwenye nafasi yuko likizo. Aliye likizo anakwenda anakotaka, sisi tutamshikia nini?" Akakichungulia kikapu cha Bi Tumsifu kwa jicho la kikazi. "Ila wewe hapo ndani huna mchicha?"

"Sina."

"Haya, nenda salama."

Akaenda salama, na kikapu kimejaa bangi. Alimkabidhi yule daktari wa wodi, ambaye safari hii hakuangalia mlango. Alijua namna ya kuiandaa na kipimo cha kila mtu. Alikuwa amesoma nje, kosa lililokuwa limemnyima cheo kwa miaka mingi.

Mwalimu Zefania hakupona. Asije mtu akasema alipona. Alikula. Siku ya kwanza vijiko vitatu, siku ya tatu bakuli zima, na akalalamika kwamba uji hauna sukari. Alilala usingizi wa kukoroma, na mkewe alikaa kando ya kitanda akiusikiliza mkoromo aliokuwa ameulalamikia kwa miaka thelathini, machozi yakimtiririka kwa furaha. Siku ya tano aliomba gazeti na kalamu nyekundu. Akasahihisha hotuba ya Waziri wa Afya, akaipa nne kwa kumi, akaandika chini: Rudia. Wagonjwa wa vitanda vya jirani nao wakapewa, na ikafika mahali saa za chakula wodi ile ikawa na kelele za vijiko.

*

Kelele hizo zilimfikia Profesa Makanyaga. Akaitisha kikao cha dharura, akafungua kwa sala, Bi Tumsifu akaandika saa ya kufunguliwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita akaombwa aseme.

Alisema. Alieleza vijiko, usingizi, gazeti. Alitaja majina ya wagonjwa na walichokula, mpaka yule bibi wa kitanda cha kumi na nne aliyeomba dagaa. Alipomaliza, kwa dakika moja alidhani wamesikia.

"Tunakushukuru sana kwa mchango wako, mama," alisema Profesa Makanyaga. "Isipokuwa kuna tatizo la kiutaratibu. Bangi ilikuwa likizo. Kazi anayoifanya mtumishi akiwa likizo ni mambo yake binafsi. Haiwezi kuingia kwenye ripoti."

"Na ni utovu wa nidhamu," alisema Daktari Shoto. "Huwezi kutoka likizoni kinyemela ukaanza kutibu watu."

"Tena ukatibu vizuri kuliko kaimu wako," alisema Daktari Kitoi, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa kweli. "Jamani, mimi nimekaimu miaka kumi na tisa. Najua inavyouma."

Walikubaliana upesi. Likizo ya bangi ikatishwe. Irudishwe kwenye nafasi yake na adhabu zake zote; mchicha upewe barua ya shukrani; polisi wafike wodini saa nane mchana kukusanya kilichobaki.

"Andika, Bi Tumsifu," alisema Profesa. "Imeamuliwa kwa kauli moja."

Hakuandika. "Mheshimiwa, na wale walioko wodini? Wameanza kula."

"Watarudi kwenye hali yao ya kawaida."

Hali yao ya kawaida Bi Tumsifu aliijua. Alikuwa amefua mashuka ya hali hiyo. Akafunga kitabu cha kumbukumbu, akakitia kwenye kikapu na penseli zake, akasimama.

"Naomba ruhusa," alisema. "Nina mgonjwa."

Akatoka bila kusubiri jibu.

Mwanzoni walidhani atarudi. Daktari Shoto ndiye aliyeanza kubadilika rangi. Katika Tangamoyo uamuzi ambao haumo kwenye kitabu cha kumbukumbu haujafanyika, hilo kila mtumishi analijua tangu siku ya kuajiriwa. Na kikao kilichofunguliwa kwenye kitabu kiko wazi mpaka kifungwe kwenye kitabu, na anayetoka kwenye kikao kilicho wazi bila kupewa ruhusa rasmi ni mtoro, na mtoro anavuliwa cheo. Katibu hana cheo cha kuvuliwa. Wao walikuwa navyo.

"Rahisi tu," alisema Daktari Kitoi. "Tumteue Kaimu Katibu."

"Hoja nzuri sana!" alisema Profesa Makanyaga. "Iandikwe."

Wakatazamana.

"Na nani?" aliuliza Daktari Shoto.

Feni ilizunguka. Saa nane ilifika, ikapita, na wodini hakuna polisi aliyeonekana, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameamua lolote.

*

Mwalimu Zefania aliishi siku thelathini na nane zaidi. Alikufa Alhamisi asubuhi, baada ya kula nusu ya bakuli na kusema kwamba sasa sukari imezidi. Hakupiga kelele. Alikuwa anaongea, akanyamaza, mkewe akadhani ameanza kusinzia, akamwacha. Bi Tumsifu alilia sana, kilio cha mtu aliyefiwa, na watu wa wodi ile walilia naye wakiwa wameshiba.

Siku ya tatu baada ya mazishi alikuja nyumbani kwake Mzee Ng'anzo, tarishi wa Wizara, amevua kofia. Alitoa pole, akakaa, akanywa maji, ndipo akatoa barua iliyopitishwa chini ya mlango wa chumba cha kikao, ambamo wajumbe walikuwa bado hawajatoka. Chakula walipewa kupitia dirishani. Barua ilisema kwamba Kamati ilikuwa tayari kusikitishwa na kifo cha mumewe, lakini kwa kuwa masikitiko hayo hayajaingizwa kwenye kumbukumbu, mpaka sasa ilikuwa haijasikitika. Kwa hiyo ilimwomba afike na kitabu, ili Kamati isikitike, iamue yale iliyokwisha kuyaamua, na ifunge kikao.

Bi Tumsifu aliisoma yote, kisha akaikunja.

"Mzee Ng'anzo, wodini wamebaki wangapi?"

"Ishirini na tisa, mama. Na jana wameletwa wanne kutoka wilaya ya jirani."

"Wanakula?"

"Hao wanne leo wameanza na uji. Wale wengine wanakula."

Bi Tumsifu aliinuka, akaingia chumbani, akanyanyua godoro upande aliokuwa akilala Mwalimu, akakichungulia kitabu kama bado kipo. Kilikuwepo. Akalishusha godoro, akatandika shuka vizuri, akarudi sebuleni.

"Kawaambie," alisema, "kikao kinaendelea."